Nilifungua LLC ya Wyoming nikiwa Sinza, Dar: kufungua ni fasta, ila walichonyamazia kingeweza kunigharimu dola 25,000

Wadau habari zenu. Hii riviu nimeahidi kuiandika tangu mwezi wa nne nikawa naahirisha, sasa wiki hii watu watatu wamenifuata inbox kuniuliza kitu kilekile, "dada ile kampuni ya Marekani ulifungulia wapi na mimi nifungue", nikaona niandike yote mara moja. Jina la hiyo huduma ya kufungulia watu kampuni silitaji hapa, sababu nimeona zipo nyingi zinauza kitu kilekile kwa maneno yaleyale, kwaiyo ukisoma utaitambua tu hata ukikutana na nyingine.

Kazi yangu ni dizaini ya lebo na vifungashio. Wateja wangu wengi wako nje, kuna wakaanga kahawa wadogo kule Ohio, kuna duka la sabuni Uholanzi, watu wa hivyo. Shida yangu miaka yote ilikua kulipwa. Mteja anataka alipe kwa kadi abonyeze tu amalize, mi namwambia nitumie kwa benki, akiona makato ya kutuma na zile siku nne tano za kusubiri anaenda kwa mdizaini mwingine. Nimepoteza kazi mbili nzuri hivyo. Nikaambiwa suluhisho ni LLC ya Marekani, yani aina ya kampuni ya kule ambayo hata mtu mmoja anaweza kuimiliki, unafungua ukiwa nyumbani kwako, huhitaji kuwa raia, huhitaji visa, huhitaji hata kufika. Na hiyo ni kweli kabisa, sheria za Marekani zinamruhusu mgeni kumiliki LLC asilimia mia moja. Wyoming ndio jimbo la kwanza kutunga sheria ya LLC, mwaka 1977, na mpaka leo wageni wengi wanakimbilia huko sababu ni rahisi: serikali ya jimbo inachukua dola 100 kusajili na dola 60 kila mwaka kwa kampuni ndogo kama yangu. Delaware ina jina kubwa ila kule kila mwaka ni dola 300 kabla ya tarehe 1 Juni, hata kama hujauza kitu.

Basi Septemba 2024 nikalipa paketi ya dola 349, iliyoandikwa kila kitu kimo. Juu ya ukurasa wao kuna maandishi makubwa kabisa: kodi asilimia 0 kwa wasio wakazi. Nikapiga hesabu zangu nikafurahi.

Nianze na mazuri sababu yapo na sitaki kumuonea mtu. Usajili ulichukua siku tatu. Nyaraka zilikuja safi, cheti cha jimbo, mkataba wa uendeshaji wa kampuni wenye jina langu kama mmiliki pekee, anwani ya ejenti wa kupokea barua kule Wyoming, ambae kisheria lazima uwe nae. Barua moja ya jimbo ilipofika kwa ejenti waliiskani nikaipata siku hiyohiyo. Kwa upande huo nawapa haki yao, wanajua kazi.

Shida ilianza kwenye EIN, yani namba ya mlipakodi ya kampuni, TIN yao kule. Bila hiyo huwezi kufungua akaunti. Mmarekani anaiomba mtandaoni anaipata saa hiyohiyo, ila mgeni asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya kule (Social Security) anatuma fomu SS-4 kwa faksi au posta, au anapiga simu. Hiyo ya simu hawakuniambia. Waliniambia subiri, wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, alafu wakaniletea ofa ya "EIN ya haraka" kwa dola 80 zingine. Nikaenda kulalamika kwenye grupu letu la WhatsApp la wadizaini, dada mmoja wa Nairobi akaniambia usitoe hata senti, IRS, yani mamlaka ya kodi ya Marekani, hawatozi chochote kwa EIN na wana laini ya watu wa nje, inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, ambayo wakati ule ilikua saa saba mchana ya Dar. Nikapiga saa tisa alasiri. Nilikaa kwenye laini karibu dakika hamsini nikisikiliza muziki, alafu akapokea mama mmoja mwenye upole sana, akaniuliza yote yaliyomo kwenye fomu, jina langu nikaliita herufi kwa herufi, pale pa namba ya hifadhi ya jamii nikamwambia andika mgeni sina. Akanisomea tarakimu tisa, akanirudia mara mbili, nikaziandika nyuma ya risiti ya luku sababu ndio karatasi iliyokua karibu. Bure. Ile risiti ninayo mpaka leo.

Nikafungua akaunti, nikaunganisha malipo ya kadi, mteja wa Ohio akalipa Novemba, hela ikaingia. Nilifurahi jamani. Nikawasifia hawa watu kwenye grupu na watu wawili wakafungua kupitia mimi, na hapa ndio roho inaniuma, maana nilikua sijajua bado.

Februari 2025 yule dada wa Nairobi anauliza kwenye grupu, "wenye LLC ya mtu mmoja, 5472 zenu mmeshaandaa?" Nikamuuliza 5472 ni nini. Akanipigia.

Iko hivi, na nitajitahidi kueleza taratibu sababu mi mwenyewe nilirudia mara tatu ndio nikaelewa. LLC yenye mmiliki mmoja, kwa upande wa kodi, Marekani inaihesabu kama haipo. Wanaipita wanamuangalia mwenye nayo moja kwa moja. Mwenye nayo ni mi, niko Sinza, kazi nafanyia Sinza, na kwao malipo ya kazi ya huduma yanahesabiwa yametoka pale kazi ilipofanyika, sio pale mteja alipo. Kwaiyo kama huna ofisi kule, huna mfanyakazi kule, hujaenda kule kufanya kazi, mapato yako sio ya Marekani na kodi yao ya mapato haikugusi. Hilo ndio lile asilimia 0 lao, na kwa mtu kama mi lina ukweli. Kwa anayeuza bidhaa iliyowekwa ghalani kule kule, au mwenye mtu wa kumfanyia biashara kule, mambo yanabadilika, anaweza kuonekana anafanya biashara ndani ya Marekani na akatakiwa kulipa na kujaza ritani ya 1040-NR, ile ya mgeni asiye mkazi, kama mtu binafsi. Mdogo wangu anayeuza vikapu nimemwambia asiige changu bila kumuona mtaalamu.

Ila kutolipa kodi sio kutotoa taarifa. Zamani hizi LLC za wageni zilikua hazilipi na hazisemi chochote, serikali yao haijui hata nani yuko nyuma. Mwishoni mwa 2016 wakatoa kanuni kwamba kuanzia mwaka wa kodi 2017 LLC ya mgeni mmoja, hata kama inahesabiwa haipo, lazima ipeleke fomu 5472 kila mwaka ikionyesha miamala kati ya kampuni na mwenye nayo. Usipopeleka, au ukichelewa, au ukipeleka pungufu, faini ni dola 25,000. Ilikua 10,000 wakaipandisha. Sio asilimia ya mapato, ni hiyo hiyo hata kama mwaka mzima umeingiza dola 200. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni sitini. Nikikumbuka pale nilivyokaa kitandani na simu mkononi nahesabu sifuri bado mwili unasisimka.

Nikaenda kwenye chati ya ile huduma. Nikauliza wazi, kampuni yangu ni ya mtu mmoja, mmiliki mgeni, natakiwa kupeleka 5472? Mhudumu akanijibu ndani ya dakika mbili: kwa kua kampuni yako haina mapato ya Marekani hutakiwi kupeleka chochote. Nimehifadhi skrinshoti. Nikamuuliza tena una uhakika, akasema ndio dada, una swali lingine?

Jibu hilo sio sahihi, na ndio sababu kubwa ya mi kuandika riviu hii. Kinachohesabiwa kwenye ile fomu sio mapato, ni miamala na mwenye kampuni. Hela uliyoweka kwenye akaunti ya kampuni kutoka mfukoni kwako ni muamala. Hela uliyotoa ukajitumia Tanzania ni muamala. Hata gharama ya kufungulia kampuni yenyewe, kama umeilipa kwa kadi yako, inaingia. Zile dola 349 nilizowalipa wao, nilizilipa kwa kadi yangu! Yani kitendo cha kununua huduma yao ndicho kilichonifanya niwe na kitu cha kuripoti, na wao wananiambia hakuna.

Nikaandika imeili kwa ngazi ya juu nikaambatanisha maelekezo ya IRS yenyewe. Siku nne kimya. Siku ya tano nikajibiwa na mtu mwingine, samahani kwa usumbufu, hiyo huduma tunayo ila ni nyongeza, dola 600. Paketi ya kila kitu kimo.

Nikaamua kujaza mwenyewe, na nawaambia inawezekana kwa biashara ndogo yenye miamala michache. Unachukua fomu 1120, ya kodi ya makampuni, ila hujazi yote, unajaza jina, anwani na vipengele B na E vya ukurasa wa kwanza, alafu juu kabisa unaandika "Foreign-owned U.S. DE" (yani kampuni ya mgeni inayohesabiwa haipo) ili wajue ni ya aina gani. Hiyo inakua kama kava. Nyuma yake ndio 5472 yenyewe, pale kwenye namba ya kodi ya nchi yako nikaweka TIN yangu ya TRA, alafu karatasi moja ya maelezo ya miamala: tarehe, kiasi, ya nini. Mwisho ni tarehe 15 Aprili, ukizidiwa unaomba miezi sita kwa fomu 7004 kabla ya hiyo tarehe. Mtandaoni kama ritani ya kawaida huwezi, ni faksi au posta mpaka Ogden, Utah. Nikatumia huduma ya faksi ya mtandaoni, dola tatu. Tarehe 2 Aprili usiku ikatoka, asubuhi nikaenda steshenari Mwenge nikaprinti ile karatasi ya kuthibitisha imefika, yenye tarehe, saa na idadi ya kurasa, nikaiweka kwenye bahasha ya plastiki. Hiyo karatasi usiipoteze, ndio ushahidi wako pekee.

Wale wawili waliofungua kupitia mimi niliwafuata mmoja mmoja. Mmoja yuko Arusha, tulijaza pamoja kwa simu ya video. Wa pili ana jambo gumu zaidi. Wakati wa kujisajili kuna kiboksi kimeandikwa "ongeza mshirika, bure". Akamuweka mume wake, nia njema tu, wawe wamiliki wote wawili. Hakuna sehemu wamemuambia kwamba mkiwa wawili haihesabiwi tena kama haipo, inakua ubia, fomu ni nyingine kabisa, ya 1065, na mwisho wake ni 15 Machi, mwezi mzima kabla. Tumejua wiki ya mwisho. Akakimbilia kuomba muda. Kiboksi kimoja cha bure.

Kuna mengine ntayapitia harakaharaka. Mteja wa Ohio aliponiomba fomu ya kodi, hawa watu waliniwekea kwenye akaunti yangu W-9 imeshajazwa nusu, eti saini utume. W-9 ni ya Wamarekani. Mgeni mwenye LLC ya mtu mmoja anatoa W-8BEN kwa jina lake mwenyewe, na pale pa mkataba wa kodi Mtanzania anaacha wazi sababu Tanzania na Marekani hatuna mkataba wa kodi ya mapato (Kenya nao hawana). Nilikua karibu kusaini kitu kinachosema mi ni mtu wa Marekani, chini ya kiapo! Alafu Novemba 2024 walinitoza dola 149 kupeleka taarifa ya wamiliki kwa FinCEN, idara ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha. Kipindi kile ilitakiwa kweli, ila kupeleka ilikua bure na ni ya dakika ishirini. Machi 2025 FinCEN ikaziondoa kampuni zote zilizosajiliwa ndani ya Marekani kwenye hilo sharti, na bado Juni napata imeili zao zenye maandishi mekundu, haraka, hakikisha taarifa zako za wamiliki. Na mwaka wa pili ulipofika, dola 199 za ejenti na dola 160 za ripoti ya mwaka ya Wyoming, ile ambayo jimbo linataka 60. Ripoti nilijaza mwenyewe kwenye tovuti ya jimbo, ejenti nikalipa sababu muda ulikua umenibana.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote, na hiki hata grupu letu lilikua halikijui. Ile asilimia 0 ni ya Marekani. Nyumbani je?

Nilienda kwa mzee mmoja mhasibu Kariakoo, ofisi yake iko juu ya duka la vitenge, ngazi nyembamba. Nikamwamkia, nikamuwekea nyaraka zangu mezani. Akazisoma taratibu, akavua miwani.

"Mwanangu, hii kampuni mwenyewe anakaa wapi?"

"Ni mimi mzee. Nakaa Sinza."

"Bei ya kazi anapanga nani? Mkataba anasaini nani? Hela ikiingia anaamua nani iende wapi?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Basi hii kampuni inakaa Sinza."

Akanionyesha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema kampuni ni mkazi wa Tanzania kama imeanzishwa hapa, au kama wakati wowote ndani ya mwaka uongozi na usimamizi wake umefanyika hapa. Haijalishi cheti kimetoka wapi. Na mkazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Marekani wanaiona kampuni yangu kama haipo, Tanzania wanaiona ipo na inaishi mtaa wangu, na kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Na angalieni hapa: kama ningefanya kazi hiyohiyo kwa jina langu kama mtu, shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi hazina kodi, alafu asilimia inapanda ngazi kwa ngazi mpaka 30. Kampuni inaanza 30 tangu shilingi ya kwanza ya faida. Kwa mtu mwenye kipato kidogo, kitu alichouziwa kama cha kupunguza kodi kinaweza kumuongezea. Hakuna mtu wa ile huduma aliyewahi kuniuliza naishi nchi gani zaidi ya kwenye kisanduku cha anwani.

Mzee alinitoza laki mbili, akanipangia makadirio ya kila miezi mitatu na ritani kabla ya 30 Juni, akanifundisha kuweka risiti za intaneti, kompyuta na programu sababu zinapunguza faida kihalali. Kwa laki mbili nimepata kile ambacho dola 349 hazikunipa, mtu aliyeniuliza maswali.

Maksi zangu kwa hiyo huduma: kusajili kampuni, nyota nne kati ya tano. Kuelezea kodi, nyota moja, na hiyo ni kwa sababu kisanduku hakiruhusu sifuri. Bei, mbili. Niliomba warudishe dola 149 na waandikie wateja wao wote wenye LLC ya mtu mmoja kuhusu 5472. Hela walirudisha nusu. Kuhusu kuandikia wateja walisema wamelipokea ombi langu, ule ukurasa wa asilimia 0 jana nimeuangalia uko vilevile.

Mnaoniuliza kama ningefungua tena, ndio ningefungua, kazi zimeongezeka na wateja wanalipa siku hiyohiyo. Ila ningemlipa ejenti wa Wyoming moja kwa moja, EIN ningepiga simu, na kwa mzee wa Kariakoo ningeenda kabla sio baada. 5472 ya mwaka 2025 nimeshaanza kuijaza pole pole, mstari wa kwanza kwenye karatasi ya miamala ni zile dola 199 za ejenti nilizolipa kwa kadi yangu mwenyewe. Wa Arusha na wengine mnaotaka tujaze pamoja, Januari nitakua na Jumamosi mbili, niandikieni mapema.